Daraja la Kwanza na Watoto wa Stoo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Afisa Elimu, Ndugu Mkaguzi Mkuu na wakaguzi wenzako wawili, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule na wajumbe wako, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vyenye vitambaa vyeupe vimeishia safu ya tatu, na ninyi wanafunzi mliokaa chini kwenye mikeka, ambao shule ni yenu na ndiyo maana mmetajwa mwisho: nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Nimepewa dakika kumi. Miaka thelathini na minne ya chaki, dakika kumi za kuaga. Mshereheshaji, mwanangu, naona umeshaanza kunionyesha saa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuisoma, darasa la pili, na nakumbuka vizuri ulivyokuwa ukichanganya mshale mrefu na mfupi. Kwa hiyo tulia, dakika zangu nitazihesabu mwenyewe.

Leo tuna sherehe mbili chini ya turubai moja. Shule yetu inapokea kibao cha Daraja la Kwanza la Ubora, na mimi nastaafu. Sijui kama mambo haya mawili yana uhusiano. Sijui kama naondoka kwa sababu shule imeshakuwa bora, au shule imekuwa bora kwa sababu hatimaye naondoka. Wenzangu wa ofisini mnacheka. Jibu mnalo, mnanihifadhia heshima tu.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa usomaji. Watoto wananiita Bibi Silabi, wanadhani sijui. Kazi yangu kwa miaka sita hii ya mwisho imekuwa kuwachukua wale ambao kusoma kumewagomea, darasa la tatu mpaka la sita, na kukaa nao mpaka kugome kugoma. Ni kazi ya taratibu. Haina picha nzuri ya kuweka gazetini.

Sasa nianze kwa kusifu, maana hotuba ya kuaga isiyo na sifa watu huiita malalamiko. Kwanza nawasifu wakaguzi. Hakuna asiyejua kwamba ukaguzi wa siku hizi ni wa kushtukiza, na sisi tulishtukizwa kisawasawa: barua ilifika wiki mbili kabla, ikitaja kwamba tutashtukizwa siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, na kwamba mmoja wa wakaguzi hanywi chai yenye sukari. Je, kuna mshtuko wenye adabu kuliko huo?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwahi kukaguliwa wale. Kwetu mgeni alipotangazwa, mwenyeji aliugua hapo hapo. Tulipaka mawe chokaa kuzunguka mlingoti wa bendera, na yalipoisha mawe tukapaka mizizi ya mti. Tuliandika dira na dhima ya shule ukutani kwa herufi kubwa, na mpaka leo nina walimu wenzangu wanne hapa ambao ukiwauliza ipi ni dira na ipi ni dhima watakwambia wanawahi kipindi. Choo cha wasichana hakikuwa na mlango. Basi tulifanya nini, wazazi? Tuling'oa mlango wa ofisi ya walimu tukaupachika chooni. Jumatano wakaguzi wakapita, wakaufungua, wakaufunga, wakaandika: mlango upo. Na kweli ulikuwepo. Ijumaa ukarudi ofisini kwetu, na wasichana wakarudi kwenye gunia lao lililotundikwa kwa misumari miwili, ambalo lipo mpaka saa hii ninaposema. Mama yeyote anayetaka kuthibitisha asiende kwa wakaguzi, apige hatua thelathini tu nyuma ya turubai hili.

Kwenye fomu palikuwa na swali: je, vitabu vya kusoma vipo, na viko katika hali gani? Jibu letu lilikuwa la kweli kabisa. Vipo, na viko katika hali nzuri mno. Vitakosaje kuwa katika hali nzuri? Vilikuja miaka mitatu iliyopita ndani ya maboksi, na maboksi hayajafunguliwa. Tumevitunza stoo kama mayai. Mtunza stoo wetu, mzee wangu, ni mtu mwaminifu sana. Aliambiwa vitabu visichanike, naye akahakikisha hakuna mtoto anayeweza kuvichana. Mkaguzi mmoja alipochungulia dirishani akaona maboksi yamepangwa mpaka darini, alitikisa kichwa kwa furaha. Akaandika: rasilimali za kutosha.

Lakini sifa kubwa nampa Mwalimu wa Sayansi. Mwalimu, simama kidogo wakuone. Asante, kaa. Huyu ndiye mwenye lile tunaloliita Somo la Wageni. Wazazi, hili hamlijui, ni siri ya ndani. Kila anapokuja mgeni mwenye fomu, sisi hufundisha somo moja, safari ya chakula tumboni, na tumelifundisha kwa wageni miaka tisa. Kila mtoto ana jibu lake moja tu, na anajua anasimama baada ya nani. Wa kwanza husema mdomo, wa pili koromeo, wa tatu umio, wa nne tumbo, wa tano utumbo mwembamba, wa sita utumbo mpana. La saba, heshima hainiruhusu kulitaja mbele ya mgeni rasmi. Linakwenda kama mashine ya kushona. Mwaka huu, ili lisikwame, tuliwachukua watoto wa darasa la tano waliokwisha kulizoea tukawakalisha darasa la nne, na magoti yao yakawa hayaingii chini ya madawati.

Siku ile somo likaenda vizuri mpaka tumbo. Hapo Ndugu Mkaguzi Mkuu, kwa wema wake, akataka kuchangamsha darasa. Akasema, "Vizuri sana! Haya, nani anaweza kuniambia, mwalimu wenu mkuu anaitwa nani?"

Mtoto wa tano akasimama, mkakamavu, mikono ubavuni, akajibu, "Utumbo mwembamba!"

Darasa likapiga makofi, kama lilivyofundishwa. Mkaguzi akadhani hakusikika. Akauliza tena, polepole, "Namuulizia huyu hapa. Mwalimu Mkuu. Ni nani huyu?"

Mtoto wa sita akasimama. "Utumbo mpana!"

Makofi tena. Mwalimu Mkuu, nisamehe, najua tulikubaliana jambo hili lisitoke nje ya geti. Lakini nastaafu leo, na kuna mizigo ambayo mtu hawezi kuondoka nayo kifuani. Na unajua Ndugu Mkaguzi Mkuu aliandika nini kwenye fomu, mahali pa darasa hilo? Nimeiona ripoti kwa macho yangu. Aliandika: wanafunzi wanajibu kwa kujiamini.

Ndugu Mkaguzi Mkuu, naona unacheka, na kicheko chako ni cha mtu mwema. Sikulaumu. Ulikuja na vigezo mia moja na asubuhi moja. Ungefanya nini? Ungemuuliza yule mtoto tena, ungeambiwa unamwonea. Funika kombe mwanaharamu apite, basi na wewe ukapita. Tena nataka nikutetee mbele ya hawa wote, maana katika vigezo vyako mia moja kimoja kilikuwa kizuri kweli kweli. Namba themanini na moja. Kinasema mkaguzi amchague mtoto yeyote, wa darasa lolote, ampe aya ambayo hajawahi kuiona, amwombe asome kwa sauti. Maneno mafupi tu, mstari mmoja na nusu. Milango, mawe, madira na madhima yote, hakuna kilichotukosesha usingizi kama mstari huo. Hicho ndicho kigezo tulichokiogopa, na hapa kicheko changu kinaishia kidogo, kwa sababu sasa nafika kwenye sehemu yangu mimi.

Tulifanya kikao Jumatatu, siku mbili kabla ya ukaguzi. Ajenda ilikuwa moja: watoto kumi na tisa. Wote ni wangu, wa darasa la tatu mpaka la sita. Akichaguliwa mmoja wao, tumekwisha. Mwalimu wa zamu akasema, "Si wabaki nyumbani siku hiyo? Tuseme wana homa."

Mwalimu Mkuu akakataa. "Mahudhurio yatashuka. Hicho nacho ni kigezo."

"Sasa tufanyeje?"

"Wawepo," akasema Mwalimu Mkuu, "lakini wasiwepo."

Walimu wenzangu, mnakumbuka? Kisha mmoja akasema, stoo. Na mkaniangalia mimi. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusimama nikasema hao ni watoto, siyo magunia ya saruji. Sikusema. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu, na nilitaka niondoke kwa amani, nikabeba watoto kumi na tisa nikawaingiza stoo kwa mikono yangu. Mnaonipongeza leo kwa utumishi uliotukuka, na hilo liwekeni humo humo kwenye pongezi. Niliona aibu siku ile na ninayo mpaka leo.

Mtunza stoo alitufungia kwa nje. Dirisha ni lile dogo la juu. Mkaguzi alichungulia akaona maboksi, hakutuona sisi tuliokaa chini yake. Niliwaambia watoto tunacheza mchezo wa kunyamaza. Wa darasa la tatu waliamini. Wa darasa la sita hawakuamini, walinitazama tu, na mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, wageni wakituona watafanya nini?" Nikamwambia watafurahi sana. Akasema, "Sasa mbona tumefungiwa?"

Tulikaa humo kwa muda wa saa mbili na nusu. Viti hapakuwa, tulikalia maboksi. Sasa mtoto ni mtoto, huwezi kumwambia akae juu ya kitu kilichofungwa asikichokonoe. Kabla hata kengele ya mapumziko haijalia, boksi moja lilikuwa limeshatoboka pembeni, na kidole kimeingia, na kitabu kimetoka. Kipya, kina harufu ya wino. Mtoto aliyekitoa alinitazama akidhani nitamchapa. Mimi niliogopa wakaguzi, siyo kitabu. Nikamwambia, kwa kunong'ona, "Haya, soma, lakini usitoe sauti."

Wazazi wangu, mmewahi kusikia mtoto anajifunza kusoma kwa kunong'ona? Hakuna anayemcheka. Hakuna aliyemaliza kabla yake akapiga kelele "mimi, mwalimu, mimi!" Kuna midomo tu inayotembea. "Ki... ki-bo... kibo-ko." Kisha mwenzake anasogea. Kisha mwingine anavuta boksi lake. Wakagawana, wakaelekezana, wakazozana bila sauti kuhusu herufi moja mpaka nikataka kucheka nikajiziba mdomo. Tulipofunguliwa, mtoto mmoja wa darasa la tano hakutaka kutoka. Alikuwa amebakiza ukurasa. Nawaambieni kwa kiapo cha kazi yangu, somo bora kuliko yote lililofundishwa shuleni hapa siku ile lilifundishwa katika chumba pekee ambacho hakikukaguliwa.

Kuanzia kesho yake nilimwomba mtunza stoo, na yeye, Mungu ampe umri mrefu, akaniruhusu. Kila siku baada ya mapumziko, nusu saa na ushei, mimi na kumi na tisa wangu, vitabu vikachanika kwa raha zake. Miezi mitano. Leo kumi na mmoja wanasoma. Hawasomi kama watangazaji wa redio, lakini ukimpa ukurasa anafika chini. Wanane bado. Wanane hao hawana tatizo la akili, wana tatizo la muda. Nikipata mwaka mmoja, au akipata mwenzangu yeyote mwenye subira, wanasoma.

Basi matokeo yakatoka. Nyota tano, Daraja la Kwanza! Tulikumbatiana, na mimi nilikumbatia, sikatai. Juma lililofuata ikaja barua ya pili, na hiyo haikusomwa mbele ya mstari asubuhi. Inasema hivi, naikumbuka kwa moyo: kwa kuwa shule ya Daraja la Kwanza haina wanafunzi wasiojua kusoma, nafasi ya mwalimu wa usomaji itafutwa pindi aliyepo atakapostaafu. Kamati ya shule ithibitishe kwa sahihi za wajumbe wake wote wanne kwamba mahitaji hayo hayapo. Sahihi zinatakiwa Jumatatu. Mwalimu Mkuu tayari ana mpango mzuri wa stoo: vitabu vihamishiwe kabatini, na chumba kiwe cha kuonyeshea vikombe na vyeti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naona unamnong'oneza Afisa Elimu. Mwulize tu kwa sauti, hapa hatufichani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeficha maradhi vizuri mpaka daktari ametupa cheti cha afya na kuchukua dawa zake akaondoka nazo. Tena wewe, Mheshimiwa, usipate taabu ya moyo. Najua wa kwako wanasoma ile shule yenye mabasi na bwawa la kuogelea, na ni haki yako. Namshangaa tu mtu anayetusifia chakula chetu vizuri namna hii na hajawahi kuonja kijiko.

Mshereheshaji, nakaribia. Kaa chini, mwanangu.

Asubuhi ya leo, saa moja, kabla turubai halijasimama, Mwalimu Mkuu aliniita pembeni. Akaniambia kwa upole, na ni mtu mpole, simsingizii: "Bibi, mgeni rasmi anapenda kuzungumza na watoto. Anaweza akamwomba mmoja asome maandishi ya kibao. Si ungewachukua wale wako, dakika chache tu..." Na akaelekeza kidevu kule stoo.

Nilimwambia sawa.

Halafu sikwenda. Wamo humu. Wote kumi na tisa, kwenye mikeka hii, katikati ya wenzao, na soksi zao nimezivuta juu mwenyewe. Watazameni. Haya, Mkaguzi Mkuu, nionyeshe mmoja. Huwezi. Hakuna alama usoni. Na wewe mtoto unayejijua, usiinamishe kichwa. Hakuna atakayekutaja, nimekuahidi, na Bibi Silabi hajawahi kukudanganya ila mara ile moja ya stoo, na hiyo nimeshaitubia mbele ya turubai zima.

Sasa nageukia meza kuu, kwa wajumbe wanne wa kamati. Baba zangu, kaka zangu, nawaheshimu. Ninyi ndio mliobaki nasi; watoto wenu nyote wanne wako shule hii, na nawashukuru kwa hilo kuliko kibao. Mmoja wenu ana mtoto aliyekuwa stoo siku ile. Baba huyo mwenyewe hajui, kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto zaidi ya "umeshika namba ngapi," na mtoto wa shule nzuri hajui namna ya kusema. Msitazamane. Simtaji, na mkinifuata baada ya hotuba sitamtaja pia. Ni miongoni mwa wale wanane.

Ninaomba jambo moja, na ndiyo zawadi ya kustaafu ninayoitaka. Leo jioni mkifika nyumbani, kila mmoja wenu wanne akae na mtoto wake, mlango umerudishwa, redio imezimwa. Chukua gazeti lolote. Mwambie, "Mwanangu, nisomee hapa." Usimharakishe. Usimkaripie. Akisoma mpaka mwisho, Jumatatu weka sahihi yako kwa roho safi. Akikwama, akaanza kukutazama wewe badala ya karatasi, basi utakuwa umefanya ukaguzi ambao hakuna aliyeufanya shule hii, na kalamu utajua mwenyewe uiweke wapi.

Na kama mkono utakuwa mzito, nikwambie alichoniambia mtoto huyo wa mmoja wenu. Ilikuwa siku matokeo yalipotangazwa, wenzake wote wanashangilia uwanjani, yeye amebaki stoo na kitabu mapajani, hakisomi. Nikamuuliza kulikoni, mbona hufurahi, shule yako imekuwa ya kwanza?

Akaniambia, "Mwalimu, usimwambie baba kuhusu mimi. Baba anasema shule yetu imepimwa na imeonekana ni nzuri. Kwa hiyo mbovu ni mimi."

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Wanangu wa mikeka, kwaherini.